Keateka Aliyetuita kwa Namba za Milango

Keateka, yaani msimamizi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga mtaani Kaptembwo, hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Saba kwa sababu niliishi nyumba namba saba, na jirani yangu alimwita Nane, ingawa Nane alikuwa mzee wa kanisa mwenye mvi na suti mbili. Mpangaji alipohama nyumba humo humo ndani ya ploti, alibadilishwa jina siku hiyo hiyo. Kulikuwa na kinyozi mmoja aliyekuwa Kumi na Mbili kwa miaka miwili, kisha akahamia namba tatu yenye dirisha kubwa. Asubuhi yake ya kwanza huko Keateka akamwambia, "Wewe Tatu, umeacha mfereji wazi." Kinyozi akageuka nyuma kumtafuta huyo Tatu.

"Kwani sisi ni wafungwa, Mathe?" akauliza alipogundua ni yeye. Mathe, yaani mama, ndivyo sote tulivyomwita.

"Mfungwa hutembea na namba yake. Wewe hii si yako. Ni ya mlango."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu, na nilicheka tu kama wengine. Baadaye niliposhindwa kueleza anwani za IP, zile namba za vifaa kwenye mtandao, kwa maneno chini ya mia mbili, nilikumbuka kwamba Keateka alikuwa ameshaeleza kwa maneno kumi na mawili, naye alikuwa hajawahi hata kusikia kwamba kuna kitu kama hicho.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye gambuti za mpira za kijani alizovaa hata Januari, vumbi la Kaptembwo linapokuwa limekauka kabisa. Funguo zote kumi na nane za akiba zilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, hivyo tulimsikia kabla ya kumwona. Akitaka kutuita wote kwa pamoja alisimama karibu na mfereji wa maji uani na kugonga sufuria kuukuu kwa mwiko. Hakuita namba yoyote. Ukisikia sufuria ulijua ni yako, hata kama ulikuwa na povu kichwani.

Alikuwa na sheria nyingi, na nyingine hazikupatana. Paka walikatazwa katika ploti, lakini paka mmoja wa rangi ya majivu alikula kwake kila mchana. Tulipomuuliza, alisema paka hana namba, kwa hivyo hayuko. Kwetu alidai ukweli mtupu. Ukivunja ndoo ya jirani, ulisema mbele ya jirani, siku hiyo, ukiwa umesimama. Lakini wauza dawa za mende walipofika getini kumwulizia keateka, aliwatazama usoni na kuwaambia, "Hayuko. Amesafiri Molo."

Na alikuwa na kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu. Sijawahi kuona mtu anayeamini karatasi namna ile. Kwake, kilichoandikwa kilikuwa kimetendeka. Aliandika "paa la Nne limezibwa," kisha mvua ikanyesha na Nne akaja amebeba godoro lililolowa. Keateka akafungua ukurasa, akausoma, akamwonyesha. "Lakini nimeandika," akasema, na alikuwa ameshangaa kweli.

Mimi na karatasi tulikuwa na uhusiano mwingine. Afadhali niseme mapema: mimi ni mtu wa kuogopa kukosea, na nimekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilipomaliza kidato cha nne sikuenda chuo, nikaamua kujifundisha kazi ya mitandao ya kompyuta kwa video za bure na laptopu ya mitumba ambayo kitufe chake cha herufi M kilikuwa kimetoka. Nilijifunza kwa miezi mitano. Nikikosea neno moja kwenye daftari, nilichana ukurasa na kuandika upya. Nikipiga mstari ukapinda, nilichana pia. Mwisho wa miezi hiyo nilikuwa na madaftari matatu safi kabisa kuhusu anwani za IP, na sikuwa nimewahi kushika waya hata mmoja. Nilijiambia bado sijawa tayari. Ningeweza kuendelea kutokuwa tayari hadi leo.

Kilichonitoa ndani ni landilodi, mwenye ploti. Aliishi mtaa wa Milimani na tulimwona mara mbili kwa mwaka. Aliamua kutuwekea intaneti ili nyumba zisikae bila watu. Mafundi walikuja, wakatundika ruta ukutani kwa Keateka, juu ya kalenda, wakawasha na kuondoka. Ruta ni kile kisanduku chenye antena ambacho simu zote za ploti hupitia kwenda nje. Ilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Aliyekuwa na shida nayo ni Keateka peke yake. Alikuja kunibishia mlango.

"Saba, si wewe ndiye husomanga mambo ya net?"

"Nasoma kidogo, Mathe."

"Yule fundi ameniambia kila simu ikiingia hapa, hicho kitu kinaipatia namba. Ni kweli?"

"Ni kweli. Kinagawa chenyewe."

"Bila kuniuliza?"

Nilimweleza kwamba ndivyo ruta nyingi hufanya. Simu inafika, inaomba, inapewa namba yoyote iliyo wazi, na kesho inaweza kupewa nyingine. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna geti la pili nyuma ya ploti ambalo yeye hana ufunguo wake.

"Hapana. Nyumba saba ipate saba. Nyumba kumi ipate kumi. Hebu nifundishe, halafu uipange vizuri."

Ndivyo nilivyopata mwanafunzi wangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa mama yangu na hasira na mashine. Nilikuja na madaftari yangu yote matatu. Aliyasogeza kando ili kuweka vikombe vya chai.

Niliandika 192.168.1.7 kwenye kipande cha karatasi. Nikamwambia hii ni anwani, na ina namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Zile tatu za kwanza, kwa mtandao wetu, ni ploti. Kila simu humu ndani itakuwa nazo. Ile ya mwisho ndiyo mlango.

"Nani anajua ploti inaishia wapi na mlango unaanzia wapi?" akauliza. "Isije simu ikafikiri ploti ni ile 192 peke yake."

Swali hilo lilinichukua wiki mbili kulifikia nilipokuwa najifunza peke yangu. Nikamwandikia chini yake 255.255.255.0. Nikamwambia hii ndiyo barakoa ya mtandao, na kazi yake ni hiyo tu. Palipo na 255 simu inajua ni ploti. Palipo na sifuri inajua ni mlango. Ikitaka kuzungumza na mtu wa ploti hiyo hiyo inamwendea moja kwa moja. Ikitaka mtu wa nje inampelekea ruta, ambayo anwani yake ni 192.168.1.1, nayo inatoka nje kwa niaba yake.

"Na ploti ya pale ng'ambo, wao pia wakijiita 192.168.1?"

"Hakuna shida. Hizi ni namba za ndani. Huko nje hakuna anayezijua. Ploti nzima inajulikana kwa namba moja tu, ambayo tumepewa na kampuni ya intaneti."

Alifikiri kidogo, akipuliza chai. "Kama sanduku la posta la shule," akasema. "Watoto mia sita, sanduku moja. Barua inaingia ofisini, halafu ofisi inajua ni ya nani."

Niliandika mfano huo kwenye daftari langu. Kwa kalamu, bila kupiga rula. Ulikuwa bora kuliko wangu.

Kitu pekee alichokikataa kabisa ni 255, namba kubwa kuliko zote katika kila sehemu ya anwani. Kwa nini namba zikomee hapo? Kwa nini si mia tatu, namba ya watu wenye akili? Nilianza kumchorea hesabu, akanishika mkono na kunitoa nje hadi kwenye kamba ya nguo. "Nionyeshe na vitu."

Nikachukua vibanio vinane, nikavipanga kwenye kamba. Nikamwambia mashine inajua mambo mawili tu, kipo au hakipo. Kibanio cha mwisho kulia thamani yake ni moja, kinachofuata mbili, kisha nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mia ishirini na nane. Ukitaka saba, bana vitatu vya kulia: nne na mbili na moja. Ukivibana vyote vinane unapata 255, na hakuna kibanio kingine. Ukivitoa vyote unapata sifuri.

Alibana na kubanua hadi nguo za watu zikawa chini. Tangu siku hiyo, ukimkuta kwenye kamba alikuzuia na kukuuliza, "Hii ni ngapi?" na hukuachiwa kuanika mpaka ujibu. Kinyozi alikuwa mwepesi kuliko sote. Nane alisema mambo haya hayamo katika Maandiko, lakini nilimwona siku moja, akifikiri yuko peke yake, akihesabu kwa midomo.

Nikamweleza pia kwamba 0 na 255 mlangoni hazipewi mtu. Sifuri ni jina la ploti yenyewe, na 255 ni ya kuwaita wote kwa mara moja. Hii haikuhitaji mfano. Alinyoosha kidole kwenye sufuria na kurudi ndani.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Nilitengeneza orodha ya nyumba kumi na nane. Niliiandika mara nne mpaka ikawa nzuri, kwa rangi mbili, mistari imenyooka. Nyumba 1, anwani 192.168.1.1. Nyumba 2, anwani 192.168.1.2. Hivyo hivyo hadi kumi na nane. Nikazunguka mlango kwa mlango kuingiza anwani kwenye simu za watu, kila moja nikiijaribu mara mbili. Nyumba namba moja, karibu na geti, ilikuwa ya Keateka. Niliiacha mwisho, na ilikuwa ndiyo simu pekee ambayo sikuijaribu, kwa sababu maziwa yake yalikuwa yanafurika jikoni na alitaka simu yake izimwe ipate chaji.

Nilijua ruta ni namba moja. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe siku mbili kabla. Kwenye simu yake niliandika moja kama anwani yake, kisha mstari wa chini nikaandika moja tena kama anwani ya ruta, na macho yangu hayakuona kitu. Orodha ilikuwa nzuri mno.

Keateka alikuwa na desturi ya kuzima simu mchana kutwa. Aliiwasha saa kumi na moja jioni, wakati binti yake aliyefanya kazi ya kupanga maua kule Naivasha anapotoka kazini. Kwa hivyo kila siku, saa kumi na moja, kulikuwa na vitu viwili katika ploti vinavyosema "mimi ndiye namba moja," na simu za watu zikawa zinamtumia Keateka mambo yote yaliyopaswa kwenda kwa ruta. Net ilikufa. Akizima ili alale, ilifufuka.

Watu walikuwa na maelezo yao. Kinyozi alisema matajiri wa Milimani wakirudi nyumbani wanaivuta yote. Mama wa namba kumi na tano alisema kampuni inatuonea kwa sababu ni Kaptembwo. Nane aliomba ruhusa, akaingia kwa Keateka na kuiwekea ruta mkono akiiombea. Keateka mwenyewe hakulalamika. Simu yake haikuwahi kushika net hata siku moja, naye alidhani ni uzee wake. Wa simu, si wake.

Siku ya tatu nikaelewa. Nilikuwa nimekaa kitandani nikiisifu orodha yangu, nikaona mstari wa kwanza. Nikaikunja orodha, nikaificha chini ya godoro. Na hapa ndipo ninapojionea haya mpaka leo: sikusema. Siku tano zaidi nilisikiliza watu wakilaani kampuni, nami nikitingisha kichwa. Kulikuwa na kampuni ndogo mjini inayofunga mitandao mashuleni na hotelini, iliyokuwa imeniita kwa jaribio la kazi Jumatatu iliyokuwa inakuja. Niliamua sitaenda. Mtu aliyeshindwa na simu kumi na nane aende kufanya nini huko? Nia yangu ilikuwa kurekebisha kimya kimya na kuendelea kusoma, labda mwaka mmoja zaidi.

Lakini kurekebisha kulihitaji simu ya Keateka. Asubuhi ya Jumamosi wapangaji walikuwa wamekubaliana kumpigia landilodi aje aing'oe net yote. Nikaenda kwake.

"Mathe, niazime simu yako dakika mbili."

"Ya nini?"

"Kuna kitu nataka kuangalia."

"Ina nini?"

"Haina kitu."

"Saba. Unataka kuitibu simu yangu bila kuniambia inaugua nini?"

Nililia. Sikupanga kulia. Nikamwambia yote: orodha, mstari wa kwanza, siku tano, na kazi ya Jumatatu ambayo sikustahili. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akauliza swali moja.

"Kwa hivyo mimi ndiye nimekuwa nikiwazimia watu net?"

"Ni simu yako. Lakini kosa ni langu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani amekasirika mpaka nikasikia funguo zikilia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Nane ameombea ruta," akasema. "Ameombea ruta, na mimi nimesimama nyuma yake na simu mfukoni, nikisema amina."

Kisha akajifuta macho, akachukua sufuria.

"Mathe, tafadhali. Wacha tu nirekebishe."

"Utarekebisha. Kwanza useme. Ndoo ukiivunja unasemaje?"

"Mbele ya jirani."

"Haya."

Watu walitoka na mikono yenye sabuni, maana ilikuwa siku ya kufua. Nilisimama kando ya mfereji na kueleza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, na nilirudia sehemu ya namba moja mara mbili. Nilipomaliza nikawatazama, na huo ndio wakati niliokuwa nimeuogopa tangu utotoni.

"Siku nane," kinyozi akasema polepole. "Siku nane natukana watu wa Milimani. Kumbe wako tu wanakunywa chai yao."

"Mimi niliweka mkono juu," Nane akasema.

"Mzee, ungeweka mkono juu ya Mathe," mama wa kumi na tano akamwambia. "Huyo ndiye alikuwa na pepo."

Waliangua kicheko, na Keateka akacheka kuwashinda. Mtu akauliza kama sasa net haitapotea tena jioni. Nikasema dakika mbili. Nikaiwasha simu ya Keateka, net ikafa kama kawaida, nikaihamisha hadi anwani ya mia moja na moja, watu kumi na saba wakinichungulia begani. Ilirudi. Kinyozi akanipa ndizi. Ndiyo adhabu yote niliyopata.

Jumatatu Keateka alinitoa getini mwenyewe, akafunga, akabaki amesimama ndani ili nisirudi. Katika lile jaribio nilikosea mambo mawili, na yote mawili niliyasema kabla hawajayaona. Waliniajiri. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, na nimejizuia kuuliza.

Nilihama Kaptembwo mwaka uliofuata, na Keateka naye akaondoka. Binti yake alijifungua, Keateka akamfuata Karagita, kule Naivasha, na haikupita muda akawa keateka wa ploti nyingine huko, ya watu wa mashamba ya maua. Miezi miwili iliyopita nilitumwa kazi Naivasha. Nilipomaliza mapema nikachukua bodaboda hadi Karagita, na sikuhitaji kuuliza sana. Nilisikia funguo.

Gambuti zilikuwa zile zile. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Sasa huna mlango kwangu," akasema. "Nitakuita nani?"

Tuliingia kwake. Ruta ilikuwa ukutani, juu ya kalenda. Aliniambia huku watu wanahama kila mwezi na alichoka kuandika, kwa hivyo ameiachia ruta igawe namba yenyewe. Alisema hivyo akitazama pembeni, kama mtu anayekiri kwamba siku hizi paka analala kitandani.

"Lakini kuna moja sijagawa." Akafungua kaunta buku, akapitisha kidole hadi katikati ya ukurasa. Ilikuwa imeandikwa: 7. Ya Saba. Isiguswe.

Nikausoma mstari huo mara mbili.

"Umebeba kompyuta? Ingia basi. Na usianze kuhakikisha mara tatu."

Nikatoa laptopu. Nikaandika 192.168.1.7, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuhakikisha hata mara moja. Nikaitumia ruta ujumbe mdogo wa kuiuliza kama ipo. Ikajibu, tena upesi. Tulikuwa bado tunatazama majibu yakishuka kwenye skrini wakati sauti ya msichana ilipotoka uani.

"Mathe, net imenipotea. Nilikuwa katikati ya kuongea na mtu."

Nikaangalia kaunta buku. Nikaangalia ruta. Keateka alikuwa ameiandika saba kwenye kitabu, na ruta haikuwa imesoma kitabu. Ilikuwa imeigawa saba kwa simu ya kwanza iliyoiomba, na sasa mimi na yule msichana tulikuwa wawili mlango mmoja.

"Lakini nimeandika," Keateka akasema.

"Najua, Mathe."

Alinitazama, kisha akavuta miguu yake yenye gambuti ili nipate njia ya kupita. Nikainuka. Nikatoka nje penye jua, kwa wanawake wanne waliokuwa wakifua ambao sikumjua hata mmoja.

"Ni mimi," nikawaambia. "Nimekosea mimi. Nipeni dakika mbili nirekebishe, halafu nitawaeleza, mtacheka."

Nyuma yangu sufuria ikaanza kugongwa, ili na wengine waje.